Kidonge cha Saratani ya Mapafu: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kumjibu Mgonjwa

 

Kila Ramadhani inapokaribia, maswali ya wagonjwa huwafikia maimamu wa Korogwe na Handeni kabla hayajamfikia daktari. Mwenye kisukari huuliza, mwenye presha huuliza, na miaka hii ameongezeka muulizaji ambaye zamani hatukuwa naye: mwenye saratani ya mapafu anayemeza kidonge nyumbani kwake. Husema, "Sheikh, nimeandikiwa kidonge kimoja kwa siku, nami nataka kufunga. Nikimeze saa ngapi?" Swali linaonekana jepesi, na jibu jepesi liko tayari ulimini: "Meza unapofuturu, mzee wangu." Kwa dawa moja jibu hilo huwa sawa. Kwa dawa nyingine ya kundi hilo hilo, jibu hilo humzidishia mgonjwa dawa mwilini kupita kiasi alichokadiriwa, naye akaanza kuharisha na kuchubuka ngozi asijue sababu. Kwa ajili ya tofauti hiyo tumeona tuandike.

Mtume (s.a.w.) amepokewa na Abu Daud na Nasai akieleza kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ana dhamana ya madhara anayoyasababisha. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii tukimfikiria mganga wa mitishamba. Lakini imamu anayehamisha saa ya dawa ya mtu naye ameingia katika mlango huo, hata kama nia yake ni kumsaidia mgonjwa apate funga yake.

Dawa hizi ni zipi

Tukisikia matibabu ya saratani, fikra hukimbilia kwenye dripu, mionzi na safari ya Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Safari hiyo bado ipo, kwani vipimo na maamuzi hufanywa na mabingwa. Ila vidonge tunavyovizungumzia humezwa nyumbani, mwezi baada ya mwezi, bila nesi wala daktari kusimama kando. Mgonjwa wa Korogwe hukaa na boksi lake Manundu au Mombo, na anayemuuliza jambo la haraka ni mkewe, mwanawe, muuza duka la dawa na imamu wake.

Kazi ya dawa hizi ni tofauti na ile ya dripu. Katika baadhi ya saratani za mapafu, kinasaba kimoja hukosea kikawa kinaiamuru seli ijigawe bila kusita, mfano wa swichi ya taa iliyokwama upande wa kuwaka. Kidonge huiendea swichi hiyo na kuizima. Swichi inayojulikana zaidi huitwa EGFR, na miongoni mwa dawa zake ni gefitinibu, erlotinibu na osimertinibu. Nyingine huitwa ALK, na miongoni mwa dawa zake ni alektinibu na lorlatinibu. Kwenye boksi majina haya yote huishia na herufi n-i-b. Imamu akiletewa boksi lenye jina la namna hiyo, asijibu chochote mpaka ajue ni ipi katika hizo.

Inafaa kukumbuka dawa hizi zilivyokuja, kwa sababu historia yake yenyewe ni onyo. Gefitinibu iliruhusiwa kwanza Japani mwezi wa Julai 2002. Ilisifiwa kuwa nyepesi kuliko dripu, watu wakaimeza majumbani mwao kwa matumaini makubwa. Kufikia Oktoba mwaka huo huo ililazimu kutolewa tahadhari ya dharura nchini humo, kwani baadhi ya wagonjwa walipatwa na uvimbe wa ghafla wa tishu za mapafu na wengine wakafa. Mwaka 2004 ndipo wataalamu walipogundua kwamba dawa hii huwafaa hasa wenye lile kosa la kinasaba cha EGFR. Kisha utafiti mkubwa uliofanywa Asia Mashariki na kuchapishwa mwaka 2009 ukabainisha: wenye kosa hilo walinufaika na kidonge kuliko dripu, na wasiokuwa nalo ugonjwa wao ulisonga mbele upesi zaidi walipopewa kidonge. Dawa ni moja, ugonjwa una jina moja, na matokeo yamekwenda pande mbili.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), aliweka katika kitabu cha pili cha Al-Qanun masharti ya kuijua nguvu ya dawa kwa majaribio. Alitaka ijaribiwe kwenye maradhi yasiyochanganyika na mengine, muda wa athari yake uangaliwe, na ijaribiwe kwa mwili wa mwanadamu, kwa sababu inayomfanyia simba au farasi yaweza isimfanyie mtu. Tungeongeza leo kwamba inayomfanyia mtu huyu yaweza isimfanyie jirani yake.

Chakula na saa

Hapa ndipo fatwa nyingi hukosea. Osimertinibu, ambayo kawaida yake ni miligramu 80 mara moja kwa siku, humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Gefitinibu ya miligramu 250 ni hivyo hivyo. Erlotinibu ni kinyume chake: humezwa tumbo likiwa tupu, angalau saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Sababu yake inaeleweka. Bila chakula, mwili huchukua takriban asilimia 60 ya kidonge hicho. Pamoja na chakula huchukua karibu chote, na kwa namna isiyotabirika. Kwa hiyo anayeambiwa ameze erlotinibu kwa uji na tende za futari, ameongezewa dozi na sheikh wake. Alektinibu nayo ina mwendo wake: humezwa mara mbili kwa siku, na lazima iwe pamoja na chakula.

Kidonge kimezwe kizima, saa ile ile kila siku. Kisitafunwe wala kusagwa. Asiyeweza kumeza osimertinibu anaweza kukitia kwenye maji ya kawaida, takriban mililita 60, yasiyo ya moto wala ya gesi, akakoroga na kunywa papo hapo, kisha akasuuza glasi kwa maji na kunywa. Anayesahau dozi asimeze viwili siku ya pili kufidia. Dawa haina kadhaa kama swala. Aliyetapika baada ya kumeza asirudie, angoje saa yake ya kesho.

Hali ya hewa yetu ya Korogwe yajulikana. Dawa nyingi za aina hii hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 30, ndani ya boksi lake. Dirishani penye jua, juu ya kabati la jikoni, au mbele ya dereva katika basi la Dar si mahali pake.

Dawa zinazogombana

Sehemu hii tunawaomba wasomaji waisome mara mbili. Vidonge hivi huvunjwavunjwa na ini kwa vimeng'enya maalumu. Dawa nyingine ikivichochea vimeng'enya hivyo, kidonge cha saratani huisha mwilini kabla ya kufanya kazi. Ikivizuia, kidonge hujazana kikawa sumu.

Dawa mashuhuri ya kuchochea ni rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu. Huku kwetu kikohozi kirefu, kukonda na jasho la usiku husomwa kwanza kuwa ni kifua kikuu, na mara nyingi ndivyo. Lakini wapo walioanzishwa dawa hizo kisha ikabainika kuwa ni saratani, na wapo wenye maradhi yote mawili kwa pamoja. Rifampisini hupunguza gefitinibu na osimertinibu mwilini kwa zaidi ya robo tatu, na erlotinibu kwa karibu thuluthi mbili. Mgonjwa anameza kila siku, anavumilia gharama, na saratani inaendelea kana kwamba hakumeza kitu. Lorlatinibu ni kali zaidi: ilipojaribiwa pamoja na rifampisini kwa watu 12 wenye afya, 10 kati yao maini yao yaliathirika vibaya, na tangu hapo mchanganyiko huo umekatazwa kabisa. Asifahamu mtu kwamba tunasema dawa za kifua kikuu ziachwe. Kuziacha ni maangamizi mengine, yake na ya jamaa zake. Tunasema daktari wa kifua kikuu na daktari wa saratani kila mmoja ajue anachoandika mwenzake, na anayeweza kuwaunganisha ni mgonjwa mwenyewe aliyebeba maboksi yote mkononi.

Dawa za kifafa za fenitoini na kabamazepini hufanya kama rifampisini. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI huchochea na nyingine huzuia. Omeprazoli, ambayo watu hununua kama pipi kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hupunguza erlotinibu kwa karibu nusu na huidhoofisha gefitinibu pia, ila osimertinibu haiathiriki nayo. Na kwa kuwa Korogwe ni nchi ya malaria, ijulikane kwamba dawa mseto ya malaria na kwinini zina tahadhari ya mapigo ya moyo, na osimertinibu inayo tahadhari hiyo hiyo. Malaria itibiwe, bila shaka. Lakini mhudumu wa Magunga au wa zahanati aonyeshwe boksi la saratani kabla hajaandika. Mvuta sigara naye, dhambi yake tuiache pembeni kwa sasa: kiasi cha erlotinibu mwilini mwake hushuka chini ya nusu ya kile cha asiyevuta.

Katika matunda, la kuepukwa ni balungi, na danzi pia. Machungwa matamu ya Muheza na Handeni hayana ubaya.

Limebaki suala la mitishamba na habbasoda, na tunajua kuwa hapa tunagusa penye hisia. Sisi hatuikanushi Sunna katika habbasoda na asali. Hadithi ziko sahihi na tunaziamini. Tunachokikataa ni mtu kuuza misikitini chupa ya mchanganyiko wa mizizi 7 asiyoitaja majina, akaibandika neno "tiba ya Mtume", kisha akamwambia mgonjwa aweke kando vidonge vya hospitali. Upo mmea wa Ulaya uitwao haiperikamu ambao ni dawa ya asili kabisa, na umethibitika kuchochea ini kama inavyochochea rifampisini. Uasili wa kitu si dhamana ya usalama wake. Na mwaka 2011 tuliona maelfu wakienda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, baadhi yao wakaacha vidonge vyao vya hospitali, na tunajua waliorudi kuzidiwa. Wazee wetu wa zamani walikuwa wakali zaidi katika jambo hili. Al-Shayzari, katika karne ya 6 Hijria, aliandika kitabu cha kumwongoza msimamizi wa masoko, na wauza dawa na wachanganyaji wake amewatia humo pamoja na wauza nyama na mikate. Kazi hiyo leo kwetu iko kwa TMDA, na dawa isiyopitia huko, hata akiileta msafiri mwema kutoka India, isimezwe kabla mfamasia wa hospitali hajaiona.

Ramadhani

Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, akiogopa madhara makubwa, kula huwa wajibu juu yake na kufunga huwa haramu. Anayethibitisha madhara ni tabibu mwaminifu au uzoefu wa mgonjwa mwenyewe. Imamu si shahidi wa jambo hili.

Wengine hudhani mwenye saratani moja kwa moja ni mgonjwa asiye na matumaini, basi wanamwambia atoe fidya tu, mudi moja kwa kila siku, ile ambayo wazee wa pwani waliipima kwa kibaba. Tunaona hapa pana haraka. Katika utafiti uliolinganisha osimertinibu na vidonge vilivyoitangulia, nusu ya waliopewa osimertinibu waliishi zaidi ya miezi 38, na wengi katika hao walikuwa wakitembea na kufanya shughuli zao. Mtu kama huyo huenda mwaka huu hawezi, na mwaka ujao akaweza. Aliye na tarajio la kuweza hulipa kadhaa, na aliyekatiwa tarajio na madaktari hutoa fidya. Hukumu haifuati jina la maradhi. Inafuata hali ya mtu.

Akiruhusiwa kufunga, saa ya dawa ihamishwe na daktari, na ihamishwe kabla mwezi haujaandama. Mwenye osimertinibu au gefitinibu mambo yake ni mepesi: achague futari au daku, ashikamane na hiyo mwezi mzima. Mwenye erlotinibu apangiwe namna hii, kwa mfano: afuturu magharibi, amalize kula saa 2 usiku, ameze saa 4, asile kitu mpaka saa 5, na daku ale kama kawaida. Mwenye alektinibu anahitaji milo miwili, na futari na daku ni milo miwili, lakini kwa kuwa nafasi baina yake haiwi saa 12 sawasawa, daktari ndiye wa kusema kama inafaa. Ikiwa haiwezekani kuhamisha, basi kidonge hakiachwi ili funga ibaki; funga ndiyo yenye badala. Na kumeza kidonge mchana bila maji hufunguza kama kumeza kwa maji, tofauti na walivyozoea kusema baadhi ya watu.

Akianza kuharisha sana naye amefunga, afungue siku hiyo hiyo, anywe maji ya chumvichumvi ya paketi na awasiliane na hospitali. Kuharisha ni katika athari za kawaida za dawa hizi, na mwili ukikauka figo huumia.

Ngozi, pumzi na swala

Athari nyingine iliyozoeleka ni vipele vya uso na kifua, na kuvimba kandokando ya kucha. Tumesikia vikiitwa hasadi, vikiitwa jini, na mgonjwa akaacha dawa apelekwe kwa wasomaji. Kisomo ni kheri na asinyimwe, lakini vipele hivi ni athari inayojulikana ya dawa, na kwa erlotinibu watokao vipele mara nyingi ndio dawa inaowafanyia kazi. Apake mafuta yasiyo na manukato, ajikinge na jua, aonyeshe hospitali, na asiguse mkorogo wala krimu za kuondoa chunusi za dukani.

Ngozi ikichubuka hata maji yakawa yanamdhuru, aoshe viungo vizima na atayamamu kwa ajili ya palipoumia. Mwenye kuharisha mfululizo asiyepata nafasi ya kuswali na udhu wake, hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya kudumu: ajisafishe, ajifunge, atawadhe baada ya wakati kuingia kwa kila faradhi, aswali mara moja bila kuchelewa. Ama kukusanya swala mbili kwa ajili ya maradhi, kauli mashuhuri ya madhehebu ni kukataza, lakini Imam Nawawi (Allah amrehemu) aliitilia nguvu ruhusa kwa upande wa dalili, na Mahanbali wanairuhusu. Mgonjwa aliyechoka tunampa kauli hiyo bila kumtia wasiwasi.

Dalili moja haina kungoja: pumzi kubana upya au kikohozi kikavu kilichozidi ghafla, pamoja na homa au bila homa. Hicho ndicho kilichowapata wale wa Japani. Asimeze kidonge kinachofuata, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku uwe usiku. Macho au ngozi kuwa njano, mkojo kuwa wa rangi ya chai, na moyo kupiga ovyo hadi kuzimia ni mambo ya kuwahiwa vivyo hivyo.

Mume na mke nao waambiwe mapema, kwa adabu lakini waziwazi: mimba isitungwe wakati wa dawa hizi na kwa muda baada yake, kwa kipindi ambacho daktari atakitaja, awe mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Kuzuia mimba kwa sababu hiyo, kwa ridhaa ya wote wawili, hakuna uzito ndani yake.

Vidonge vya marehemu

Lipo jambo ambalo limetufikia zaidi ya mara moja. Mgonjwa anafariki, boksi linabaki na vidonge 20, na warithi wanataka kumpa mgonjwa mwingine wa mapafu iwe sadaka ya marehemu. Nia ni njema, na dawa ni ghali. Lakini kwanza vidonge hivyo ni mali ya urithi ikiwa marehemu alivinunua, na kama alipewa kwa mpango wa msaada, wenye mpango ndio wenye kauli. Pili, yule mwingine huenda hana lile kosa la kinasaba, na tumeona hapo juu yaliyowapata waliomeza bila kuwa nalo. Kaida ya kutodhuru wala kulipizana madhara inatosha kuzuia mkono usimkabidhi. Warithi wakirudishe kisanduku kilichobaki kwa mfamasia wa hospitali iliyokitoa, wala wasikitupe chooni au jalalani ambako watoto hufukua, na sadaka ya baba yao waitoe kwa nauli: mgonjwa wa Korogwe anayepaswa kuonekana Ocean Road kila mwezi hukosa nauli kabla hajakosa dawa.

Wallahu a'alam.